Bega lililoganda: mkono unapokataa kuinuka

Huanza na vitu vidogo. Kufunga sidiria kwa nyuma kunakuwa kazi, pochi iliyo mfuko wa nyuma haifikiki, na ukilalia upande huo usingizi unakatika. Wengi hudhani walilala vibaya, wakangoja wiki, kisha miezi.

Kiungo cha bega kimezungukwa na utando unaonyumbulika. Katika ugonjwa huu utando huo hupata uvimbe wa ndani, ukawa mnene na kukaza, mithili ya nguo iliyosinyaa baada ya kufuliwa. Ndiyo maana hata mtu mwingine akikuinulia mkono, hauendi. Aliyechanika msuli hushindwa kuuinua mwenyewe, lakini akisaidiwa mara nyingi unapanda. Jaribu pia kubana kiwiko ubavuni na kuugeuza mkono kuelekea nje. Bega lililoganda hukwama hapo mapema kabisa. Eksirei kwa kawaida haionyeshi kitu, ila tunaipiga ili kuhakikisha kiungo hakijasagika.

Chanzo mara nyingi hakijulikani. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Matatizo ya tezi ya thairoidi huongeza hatari, sawa na bega kukaa bila kutumika baada ya kuvunjika, kupasuliwa au kiharusi. Lakini kisukari ndicho ninachokitilia mkazo: mwenye bega la namna hii ambaye hajawahi kupima sukari, apime.

Maumivu hutangulia, ukakamavu hufuata, kisha bega hulegea polepole. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ukakamavu kidogo.

Kosa ninaloliona sana ni kuchuliwa na kuvutwa kwa nguvu wakati bega bado linauma vikali. Huko ni kulichokoza. Kulifunga lisitikisike kabisa nako ni kosa. Katika hatua hiyo dawa za maumivu husaidia, na sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ndani ya kiungo hutuliza vizuri ikiwahi. Mwenye kisukari ajue sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano hiyo. Mazoezi yawe mepesi: inama, mkono uning'inie na kuzungushwa taratibu, au vidole vitambae kupanda ukutani. Maumivu yakipungua, mtaalamu wa fiziotherapia ataongeza mnyoosho. Wachache wasiopata nafuu hunyooshwa bega chini ya nusu kaputi au hufanyiwa upasuaji wa tundu dogo.

Bega likiuma ghafla pamoja na kifua kubana au pumzi kukatika, usifikirie bega. Nenda hospitali saa hiyohiyo.