Video Kukwama Si Lazima Kifurushi Kiwe Kidogo

Wengi tunaamini kwamba video ikikwama au ikionekana na ukungu, dawa ni kulipia kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi. Lakini video ya 1080p (ubora wa HD kamili) huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde tu. Ya 4K, yenye picha kali zaidi, 15 hadi 25.

Mara nyingi kasi hupotelea nyumbani: ruta (kile kifaa cha Wi-Fi) imefichwa nyuma ya runinga sebuleni, simu iko chumbani, na kuta mbili za tofali katikati. Pima kasi ukiwa karibu na ruta, kisha rudia kitandani. Namba ikiporomoka, hamisha ruta kwanza, hela zako zibaki mfukoni. Ikiwa ndogo hata hapo karibu, pima tena alfajiri. Ikipanda, tatizo ni msongamano wa jioni, na hilo una haki kumuuliza mtoa huduma wako.