Kuzuia moduli hakufungi milango yote ya kerneli

Wasimamizi wengi wa seva za Linux wanaamini kwamba ukizuia upakiaji wa moduli, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, haiguswi tena. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na ukweli wake ni nusu tu.

Moduli ni kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kerneli huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Ukiweka mpangilio wa kernel.modules_disabled kuwa 1, hakuna moduli mpya itakayoingia mpaka mashine iwashwe upya. Hapo ndipo penye tatizo: mvamizi aliyekwisha kupata mamlaka ya msimamizi mkuu hubadilisha mipangilio ya kuwashia, kisha akaiwasha mashine upya. Na mwaka 2001, SucKIT, programu ya kumficha mvamizi ndani ya mfumo, ilionyesha kwamba kerneli yaweza kubadilishwa kwa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kupitia /dev/kmem, faili maalumu inayofungua kumbukumbu ya kerneli, bila moduli hata moja. Njia hiyo iliondolewa kabisa katika Linux 5.13, mwaka 2021.

Faida kubwa ya kuzuia moduli iko kwingine, na haisemwi sana. Mtumiaji wa kawaida akiomba itifaki adimu, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao zisizotumika sana, kerneli yenyewe huipakia moduli yake. Mwaka 2017 iligunduliwa hitilafu katika DCCP, itifaki ambayo karibu hakuna anayeitumia. Aliyekuwa ameizuia moduli yake alisalimika. Hitilafu ya Dirty Pipe ya 2022, kinyume chake, ilikuwa ndani ya kerneli yenyewe, na kuzuia moduli hakukusaidia kitu.

Anayetaka kumdhibiti hata msimamizi mkuu anahitaji Secure Boot, inayokagua saini za programu mashine inapowaka, pamoja na lockdown, kinga inayomzuia hata msimamizi mkuu kuibadilisha kerneli, iliyoingizwa katika Linux 5.4.