"GCS 15" kwa mzee si jina la jeraha dogo

GCS, kipimo cha fahamu cha Glasgow, ni jumla ya alama tatu: macho (E, 1 hadi 4), maneno (V, 1 hadi 5) na viungo (M, 1 hadi 6). Alama 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo la ubongo, 9 hadi 12 la kati, 3 hadi 8 kali. Hiyo ndiyo maana yake.

Tatizo ni matumizi. Mzee wa miaka 74 ameteleza bafuni huko Kasulu au Urambo, kafikishwa zahanati akiongea vizuri, na kauli inatoka: "GCS 15, jeraha dogo, arudi nyumbani." Teasdale na Jennett, madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Glasgow, walipochapisha kipimo hiki mwaka 1974 walikusudia fahamu za mgonjwa zifuatiliwe saa hadi saa, kila mhudumu akitumia maneno yaleyale. Kinapima fahamu za wakati ule. Damu inayovilia ndani ya fuvu hakiioni.

Kwa kijana fuvu limejaa ubongo, hivyo damu ikivuja shinikizo hupanda na alama hushuka mapema. Ubongo wa mzee umesinyaa na kuacha nafasi. Vena (mishipa ya damu) zinazovuka nafasi hiyo zimevutika, nazo hukatika hata kwa mtu aliyeanguka akiwa amesimama tu. Damu hujikusanya taratibu huku mzee anakula na kupokea wageni. Akitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari huongezeka sana. Ndugu walete dawa zake zote, pamoja na aspirini. Kanuni ya Kanada ya kuchagua wa kupigwa CT scan (picha ya ndani ya kichwa) inahesabu umri wa miaka 65 na kuendelea kuwa hatari kubwa kwa aliyezimia, kusahau tukio au kuchanganyikiwa, hata alama zikiwa 15. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda hawamo kabisa katika kanuni hiyo, kwa hiyo isitumiwe kuwanyima picha.

Kipimo hupotoka upande wa pili pia. Bibi anayejua Kiha tu, akiulizwa kwa Kiswahili leo ni tarehe ngapi, hupunguziwa alama bure. Vivyo hivyo mwenye uziwi au aliyepooza mkono tangu zamani. Waulize ndugu kwanza: wiki iliyopita aliongeaje, alitembeaje? Kisha aulizwe kwa lugha yake yuko wapi, nani kamleta, sasa ni asubuhi au jioni.

Baada ya 15 ya kwanza, pima kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila saa 2. Alama 1 ikishuka na kubaki hivyo nusu saa, hasa ya viungo, daktari aitwe. Akiruhusiwa, familia iambiwe kwamba kichwa kuuma, usingizi mwingi au kuyumba vinaweza kuanza wiki 2 au 3 baadaye, na wasiviite uzee wala malaria kabla hajarudishwa kupimwa.

Kwa hiyo, kwenye karatasi ya rufaa, badala ya "jeraha dogo, GCS 15", ni heri kuandika: "E4 V5 M6 saa 4 asubuhi, miaka 74, ameanguka bafuni, anatumia warfarin, hajapigwa picha."