Je, wajua kwa nini bao hufunzwa barazani?

Wengi hudhani bao ni mchezo wa watu wawili tu. Wale wanaozunguka benchi mitaa ya Ngamiani, Tanga, baada ya sala ya alasiri, vikombe vya kahawa mkononi, huonekana watu wanaosubiri zamu tu. Kwa dhana hiyo, anayetaka kujifunza hununua ubao au hupakua programu ya simu, akajifungia nyumbani. Kanuni atazijua zote, lakini siku akikaa na mzee wa baraza hufungwa hata kete za mkononi hazijaisha. Hapo huzuka dhana ya pili, kwamba mzee yule kazaliwa na kichwa cha hesabu.

Dhana zote mbili zimesahau jambo moja: bao haliachi alama. Katika drafti, kete ikihama unaona ilikotoka na ilikofika. Katika bao, zamu moja yaweza kubadilisha mashimo zaidi ya kumi, na mkono ukitulia hakuna kinachoonyesha ubao ulikuwaje kabla. Kumbukumbu ya mchezo hukaa kwa waliokuwa wanatazama.

Kwa ufupi: ubao una safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64, kwa kawaida komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa pwani. Kila mchezaji ana safu 2. Kwanza ni kunamua, unapoingiza kete moja kutoka mkononi kila zamu. Zikiisha, mnaingia mtaji, hatua ya pili, mnapocheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Aliyemalizwa safu ya mbele, au asiye na pa kucheza, kafungwa.

Kinachowashinda wageni ni safari ya kete. Mfikirie msafiri anayeshuka kituoni. Akikuta kituo kitupu, analala hapo. Akikuta gari, anapanda na kuendelea hadi kituo kingine, na hali ni ile ile. Ndivyo ilivyo kete ya mwisho ya mkono, yaani ya fungu unalogawa moja moja shimo kwa shimo: ikiangukia shimo tupu, inalala na zamu imekwisha, ikiangukia shimo lenye kete, unazizoa zote na kuendelea kugawa. Katika zamu ya kula, shimo hilo likiwa safu ya mbele na la mpinzani linalolikabili lina kete, unakula zake, nazo unazigawa upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele.

Chukua zamu ya kwanza kabisa. Nyumba, shimo la 5 kutoka kushoto katika safu ya mbele, ina kete 6. Shimo la 6 na la 7 yana 2 kila moja, na 22 ziko mkononi. Kete za kila upande zinakabili mashimo matupu, hivyo anayeanza hawezi kula, lazima atakate, yaani agawe kete zake bila kula. Tuseme ameongeza kete shimo la 6, zikawa 3, akazigawa kushoto: moja nyumbani, moja shimo la 4, moja la 3, zikalala. Kwa mgeni ni salama. Kumbe la 4 linakabili nyumba ya mpinzani, na la 3 linakabili shimo lake lenye kete 2. Amempa nafasi mbili za kula. Angegawa kulia, kete zingeingia la 7, la 8, kisha kukata kona hadi safu ya nyuma, na mpinzani asingekuwa na cha kula zamu ile.

Aliyejifungia chumbani ataliwa bila kujua alikosea wapi. Barazani atasikia papo hapo: "Umemfungulia, mwanangu." Na anayetazama huona mengi kuliko anayecheza. Mchezaji anadondosha kete moja moja, anakumbuka upande na kuwinda pa kulala, vyote kwa pamoja; mtazamaji ana macho tu. Mkono ukianza, kisia kimoyomoyo utalala shimo gani. Anza na mikono ya kete 3 au 4, usikimbilie nyumba inapovunjwa, yaani kete zake zote zinapogawiwa.

Urafiki nao huingia kupitia makosa. Mtu hudondosha kete 2 shimo moja, au huruka shimo kwenye kona. Wengine hukosea upande: kete zilizoliwa katika mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele lazima zianzie kichwa cha upande ule ule. Ubishi ukizuka, shahidi ni waliokaa pembeni, na mara nyingi anayesema kweli ni rafiki wa mpinzani wako. Mtu wa hivyo utamtafuta kesho. Lakini masharti hutofautiana: baraza jingine hawaruhusu kusema mpaka mkono ulale, hasa kwenye mashindano. Tasnifu ya Alexander de Voogt ya mwaka 1995, Chuo Kikuu cha Leiden, iliwachunguza mabingwa wa bao. Inahusu umahiri wao, haithibitishi haya ya urafiki.

Kama mtaani kwako hakuna baraza, tafuta watu 4. Ubao ukikosekana, chimbeni mashimo 32 ardhini na mwokote kokoto 64. Wawili wacheze, wawili watazame, kila mmoja akilinda upande mmoja, na anayefungwa ainuke ampishe mtazamaji wa upande wake.