Mdodosaji Akibisha Hodi Kuulizia Mgonjwa wa Kiharusi

Kila utafiti wa kaya kuhusu kiharusi ukianza, lawama ni ile ile: mnakuja na maswali, dawa hamleti. Ni kweli, sisi wadodosaji hatuleti. Dawa hutolewa kituoni.

Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia kaya wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na sehemu za Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionekana na wagonjwa wapya 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam 316. Madaftari ya hospitali pekee yasingetosha, kwani wapo wanaofia nyumbani, na wapo wanaoanzia kwa mganga eti wamepigwa na jini. Mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka, jini hahusiki.

Sasa utaratibu. Mdodosaji aje na kitambulisho, akiongozana na kiongozi wa mtaa au kitongoji. Utafiti uwe na kibali cha maadili kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mna haki ya kukiona. Fomu ya ridhaa isomwe yote, nakala ibaki kwenu. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Mgonjwa aliyepoteza kauli lakini anaelewa aulizwe kwa ishara. Ndugu asikimbilie kumjibia. Kukataa, au kuacha katikati, hakumnyimi mtu matibabu. Taarifa zenu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayezivujisha anaweza kupata faini au kifungo.

Tukiuliza mgonjwa anageuzwa mara ngapi kitandani, hatujaja kumkagua mkwe wa nyumba. Vidonda vya mgongo, kupaliwa chakula kikaingia mapafuni, bega lililoteguka kwa kuvutwa mkono uliopooza: haya yanaweza kuanza baada ya ruhusa ya hospitali, na hakuna faili linaloyaandika.

Kuhusu dawa za presha, jibu tunalolisikia mno ni “presha ilishuka, tukaacha”. Jamani, ilishuka kwa sababu ya dawa! Aliyewahi kupata kiharusi yuko hatarini kupata kingine, kwa hiyo asiache bila daktari kusema.

Wekeni karibu cheti cha kliniki na vidonge vyote, hata vilivyoachwa. Tunaviangalia tu, hatuondoki navyo.