Kwa nini mtelezaji wa barafu huhesabiwa mkongwe akiwa na miaka 25?

Kwa mtu wa Kigoma, barafu ni ya kuwekea samaki wasiharibike njiani. Lakini televisheni ikionyesha mashindano ya kuteleza kwenye barafu, pale Mwanga au Ujiji swali huwa lile lile: mbona washindi ni watoto watoto? Tara Lipinski wa Marekani alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1998 akiwa na miaka 15. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki 2014 na 2018, aliacha mashindano mwaka 2022 akiwa na miaka 27, na alionekana amedumu sana.

Jibu limo ndani ya sekunde 0.7 hivi. Huo ndio muda anaokaa hewani mrukaji hodari, na humo azunguke mara 3, au 4 kwa wanaume wa daraja la juu. Kuurefusha ni kazi ngumu. Sekunde 0.7 inadai kupaa kama sentimita 60, ukitaka 0.8, lazima ufike karibu 78. Miguu haina nguvu hiyo ya ziada, kwa hiyo kinachobaki ni kuzunguka haraka zaidi.

Jaribu mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono, nyoosha mikono, mwenzako akusukume taratibu. Sasa vuta chupa kifuani. Kiti kinazunguka kwa kasi zaidi ghafla! Uzito ukiwa mbali mara mbili na mhimili, yaani mstari wa kati ambao mwili unauzunguka, ugumu wa kuuzungusha huongezeka mara nne. Ndiyo maana mtelezaji akiwa hewani hubana mikono kifuani na kupishanisha miguu, akawa mwembamba kama mchi.

Hapo ndipo umri unapouma. Binti wa miaka 13 ana mabega na nyonga nyembamba. Akifika 17 mwili umetanuka na uzito umesogea mbali na mhimili, ilhali muda wa hewani ni ule ule. Mruko aliouzoea unamwishia kabla mzunguko haujakamilika. Majaji hurudia picha polepole: ukipungukiwa zaidi ya robo mzunguko, alama zinakatwa, na ukianguka unapoteza nyingine. Mruko wa Axel ndio mkali kuliko yote, kwa kuwa huanza ukitazama mbele na kutua kinyumenyume, hivyo una nusu mzunguko wa nyongeza. Ule wa mizunguko 4 na nusu ulikamilishwa mashindanoni kwa mara ya kwanza Septemba 2022, na Ilia Malinin wa Marekani. Alikuwa na miaka 17.

Kisha kuna kutua, kwa mguu mmoja, juu ya chuma chenye unene wa milimita 4 hivi. Nguvu inayoupiga mguu hufika mara 5 hadi 8 ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 50 anapokea, kwa kufumba na kufumbua, mzigo wa magunia mawili na nusu hadi manne ya kilo 100. Kiatu kigumu cha ngozi kimekibana kifundo cha mguu kisikunjike vya kutosha, basi kishindo hupanda gotini, nyongani na mgongoni. Mazoezini hurudiwa mara kadha wa kadha kila siku, na mguu ni ule ule. Mifupa hupata nyufa ndogo, nyonga huchakaa.

Shirikisho la kimataifa liliamua mwaka 2022 kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Uamuzi mzuri, ingawa ulichelewa.

Wanaocheza wawili wawili hudumu zaidi, maana hapo kubebana, kurushwa na kwenda sambamba vina alama nyingi. Deanna Stellato-Dudek alipata medali ya fedha ya dunia ya vijana mwaka 2000 akicheza peke yake, kisha nyonga ikamwachisha mchezo akiwa bado kijana. Alirudi baada ya miaka zaidi ya 15, safari hii na mwenza. Mwaka 2024 huko Montreal, akiwa na Maxime Deschamps chini ya bendera ya Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 40.