Mafuta ya breki ya bodaboda si ya kila baiskeli

Utasikia ushauri huu vijiweni, Mtwara mjini hadi Masasi: breki ya diski ya baiskeli ikilegea, iongezee mafuta ya breki ya bodaboda, mafuta ni mafuta. Hapana. Tafadhali usikubali.

Kopo la mafuta ya breki ya bodaboda huandikwa DOT 3 au DOT 4, na ndani lina majimaji ya kemikali iitwayo glaikoli. Breki za baiskeli za kampuni za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, na mipira yake ya ndani haihimili DOT: huvimba, pistoni zinakwama, na mara nyingi unaishia kununua breki nyingine. Breki nyingi za kampuni ya SRAM ni kinyume, zinataka DOT, na mafuta ya madini huziharibu vilevile. Soma kwanza maandishi kwenye mkono wa breki. Yakiwa yamefutika, tafuta aina ya breki hiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Wengine huamini mafuta hayabadilishwi mpaka yavuje. DOT hunyonya unyevu wa hewani, na pwani yetu unyevu haukosekani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka kutoka Newala huku umebana breki muda wote, majimaji yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na mkono wa breki unagusa usukani bila gurudumu kushikwa. Mtu anaweza kufa hapo. Badilisha DOT kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kopo lililokaa wazi usilitumie.